Mistari Minne Kabla ya Uzi wa Kwanza

Kila asubuhi, kabla ya kutia uzi kwenye sindano ya cherehani, Fundi aliandika mistari minne kuhusu binti zake. Aliandika kwa penseli, kwenye vipande vya karatasi ya kaki ileile aliyochorea kola na mikono ya mashati ya shule, kisha akavibana ukutani kwa pini. Duka lake lilikuwa chumba cha mbele cha ploti tuliyopanga huko mtaa wa Landless, Thika, mlango mmoja kutoka kwetu, na kwa miaka mingi nilisikia cherehani yake kupitia ukuta. Ikichelewa kuanza, nilijua kuna neno limemgomea.

Hakuwa mtu wa kusimama mbele ya watu akaghani. Alikuwa mshonaji wa yunifomu aliyefiwa na mke akabaki na wasichana wawili, Zuhura mkubwa na Rehema mdogo, naye akawalea peke yake huku akipiga pasi, akipika na kusuka nywele vibaya. Tepu ya kupimia haikumtoka shingoni. Ijumaa akielekea msikitini, mara nyingi Zuhura alilazimika kumkimbilia barabarani ili aivue.

Shairi lake la kwanza nililolisoma lilikuwa la Rehema, wakati huo wa miaka sita, siku aliyovaa viatu vya shule kinyume akakataa kurekebishwa:

Viatu amebadili,
miguu na njia mbili;
mwenyewe yuko kamili,
anakwenda zake shule.

Nililisoma nikiwa nimesimama pale dukani, mtoto wangu akilia begani, na sikucheka. Siku hizo hakuna kilichonichekesha.

Kiwanda nilichofanyia kazi kilikuwa kimetupunguza. Mke wangu alikuwa amepata kazi katika kiwanda cha nguo Ruiru, akitoka kungali giza na kurudi jioni miguu imevimba, nami nikabaki nyumbani na Wambui wetu wa miezi mitano. Wanaume wa ploti walinisalimia, "Niaje, Mama Wambui," wakapita wakicheka. Mtoto alilia asubuhi, akalia mchana, na mimi nilianza kumwona kama mtu aliyetumwa kunionyesha kwamba sifai. Nilimwosha, nikampa uji mwepesi na maziwa aliyoacha mamake, nikambeba. Lakini sikumtazama. Nilitazama saa.

Nilikuwa nimeamua kuondoka. Sikumwambia mtu. Binamu yangu wa Eldoret alisema huko kuna vibarua vya ujenzi, na nilipanga kumwacha mtoto kwa jirani siku moja, nipotee kabla mamake hajarudi. Kilichobaki ni begi, ambalo zipu yake ilikuwa imeachana. Nikalipeleka kwa Fundi.

Alilishika, akaivuta zipu huku na huku, akamwangalia Wambui, kisha akaniangalia mimi.

"Safari?"

Nikamwambia ni ya siku mbili tatu.

"Na huyu?"

Nikasema mamake yupo. Aliliweka begi chini ya meza akasema nije kesho. Kisha, mguu wake ukiwa tayari kwenye pedali, akaongeza, "Zipu hii ni ngumu. Lakini ukija, niletee kitu kimoja ambacho huyu mtoto amefanya leo. Kulia usiniletee. Hiyo naisikia mwenyewe kupitia ukuta."

Nilidhani ni utani wa mzee. Kesho yake nilimwambia mtoto amekula na amelala. Akasema hata mbuzi hula na kulala, na begi bado. Siku ya tatu nilimjia na hasira nikadai begi langu jinsi lilivyo. Akaendelea kushona pindo la sketi kana kwamba nimeuliza habari ya mvua. Siku ya nne, kwa kukosa la kufanya, nilikaa uani na Wambui mapajani nikitazama nepi zilizoanikwa. Upepo ulizipunga, naye akainua mkono akaanza kuzipungia pia, polepole, kwa adabu, kama mtu anayejibu salamu. Nikaenda nikamwambia Fundi. Kwa mara ya kwanza alisimamisha cherehani.

"Mkono gani?"

Sikujua.

"Rudi ukatazame."

Ulikuwa wa kushoto. Kesho yake nilimletea jibu hilo nikiwa karibu kukimbia, mimi mwanamume mzima, na sijui hata leo kwa nini lilinifurahisha hivyo. Tuliendelea namna hiyo mpaka siku ya tisa. Siku hiyo alinisukumia penseli na kipande cha karatasi ya kaki bila kuniuliza neno. Nilikaa kwenye kiti cha wateja. Wambui alikuwa amelala mkononi mwangu, na ilibidi niandike kwa shida, kwa sababu mkono mwingine haukuwa huru. Niliandika hivi:

Kidole changu kashika,
kwa hivyo sikuondoka.

Fundi alisoma, akahesabu mizani kwa vidole, akasema imebaki mistari miwili. Nikamwambia sina zaidi. Akakubali kwa kichwa, akainama, akanitolea begi. Zipu ilikuwa imeshonwa vizuri, na juu yake pamekaa vumbi la siku nyingi. Alikuwa ameimaliza siku ile ya kwanza.

"Sasa unaweza kwenda," alisema, "ukitaka."

Nililipeleka nyumbani nikalijaza nepi.

Baada ya hapo nilikuwa mwanafunzi wake, ingawa hakupenda neno hilo. Alikuwa na masharti machache, na hakuna hata moja aliloregeza. Shairi liwe la leo. La jana limeshapoa. Liwe la kitu kilichoonekana kwa macho au kusikika kwa masikio. Neno upendo alilipiga marufuku kabisa. Niliwahi kumletea mistari ya kusema nampenda mwanangu kuliko dunia, akanirudishia karatasi kama shati lililokatwa vibaya.

"Upendo kila mtu anao," aliniambia. "Hata baba anayeshinda baa analia akisema anapenda watoto wake. Andika alivyoshika kijiko. Kijiko ndicho kinaonyesha ulikuwepo."

Watu humdhania mtu wa namna hiyo kuwa mpole, mwenye tabasamu la daima. Fundi hakuwa hivyo. Kwake furaha ilikuwa kazi, tena kazi ya lazima, kama kuamka. Alisema mtoto hakui ukimtazama, anakua ukipepesa macho, kwa hivyo mzazi asilalamike eti miaka imepita upesi. Aulizwe alikuwa akitazama wapi. Wiki ambayo Rehema alilazwa kwa homa ya matumbo, Fundi alikaa kando ya kitanda macho mekundu, hajanyoa, na bado aliandika kila asubuhi juu ya bahasha za dawa. Moja ilikuwa ya Rehema kumuuliza muuguzi kama ile chupa ya dripu ikiisha maji, yenyewe haitasikia kiu. Nilimuuliza anawezaje kuandika vitu kama hivyo na mtoto yuko hali ile. Akaniambia siku mbaya ndizo zenye haki zaidi ya kuandikwa, kwa maana usipochukua kitu chema kwazo wewe mwenyewe, hazitakupa.

Lakini alikuwa na upande mwingine, na nikiuficha nitakuwa namshonea nguo isiyo yake. Kwanza alikuwa mwongo wa kesho. Kila Januari akina mama walijaa mlangoni wakitafuta sare za watoto, naye akiwaapia kesho, kesho kutwa, baada ya kesho kutwa, na wengine walipeleka watoto shule wakiwa na shati lisilo na vifungo. Alikuwa mkali. Alimfukuza mteja mmoja kwa kusema kola yake imekaa upande, na kweli ilikuwa imekaa upande.

La ajabu zaidi ni kwamba yale maneno ya ukutani hayakutoka kinywani mwake hata mara moja. Nilimsikia akiwaambia binti zake waoshe vyombo, wasome, wafunge mlango, wavae sweta. Neno tamu sikulisikia. Siku moja Rehema, akiwa na miaka minane hivi, alikuja kucheza na Wambui kwetu, akaniuliza bila huzuni yoyote, kama mtu anayetaka tu kuelewa mambo, kwa nini babake humpenda kwa karatasi na si kwa mdomo. Nilimwambia watu hutofautiana. Lilikuwa jibu la uvivu, na aliniangalia kama anayelijua hilo.

Aliyeumizwa na karatasi zile ni Zuhura.

Alipokuwa mdogo alizipenda, akizisoma kabla ya kwenda shule na kumsahihisha babake alipokosea jambo. Halafu akafika kidato cha pili. Asubuhi moja Fundi alimwona amesimama mbele ya kioo muda mrefu, akaandika:

Yuko kiooni ndani,
ajiuliza ni nani;
namwita, yu safarini;
chai yake imepoa.

Nadhani hilo ndilo bora kuliko yote aliyowahi kuandika, na ndilo lililoleta balaa. Msichana mmoja wa darasa lake alikuja na mamake kupimwa sketi, akaliona ukutani, akalipiga picha kwa simu, akaituma kwenye kundi lao. Kufikia Jumatatu shule nzima ilimwita Zuhura "Chai Imepoa." Alirudi nyumbani mchana, akaingia dukani, akazing'oa karatasi zote zenye habari zake, moja baada ya nyingine, pini zikidondoka sakafuni. Nilikuwa nimekaa pale na Wambui. Fundi alimwambia ukuta ni wake na maneno ni yake.

"Maneno ni yako," Zuhura akasema. "Lakini kioo kilikuwa changu."

Asubuhi iliyofuata Fundi alitundika shairi jipya la Zuhura, mahali palepale. Hakufanya hivyo kwa ubaya. Alikuwa mtu aliyeamini kwamba siku isiyoandikwa imepotea, na hakujua njia nyingine ya kuwa baba. Mimi nilipaswa kumwambia, na sikumwambia. Niliogopa kumkosoa mtu aliyenifunza kumbeba mwanangu.

Tangu hapo Zuhura alipitia geti la nyuma ili asionekane kutoka dukani. Fundi hakuacha kumwandika, ila sasa aliandika kwa kukisia, kwa sauti ya mlango, kwa kiatu kilichoachwa uani. Mashairi yake ya wakati huo kuhusu Zuhura yalikuwa na vina safi, na hayakuwa na Zuhura ndani.

Kwa hivyo siku mwalimu mkuu alipomwita kumwambia kwamba binti yake, wa kidato cha tatu, ana mimba ya miezi minne, alikuwa mtu wa mwisho kujua katika ploti nzima. Mke wangu alikuwa ameshajua. Rehema wa miaka kumi alijua. Kijana aliyehusika alihamishwa na wazazi wake, na sina zaidi la kusema juu yake.

Fundi hakumpiga Zuhura wala hakupaza sauti. Alizikunja nguo zake vizuri, kama za mteja, akazifunga, akampeleka kwa shangazi yake huko Murera, kwenye shamba dogo la mahindi na ng'ombe mmoja. Alirudi siku ileile akaendelea kushona. Kesho yake aliandika habari za Rehema, na keshokutwa vilevile, na ukutani hapakubaki hata mstari mmoja wa Zuhura.

Nilingoja mwezi mzima, kisha nikaingia dukani nikamuuliza hali ya Zuhura.

"Niko na mtoto mmoja," alisema, bila kuinua macho.

Nilikuwa nimejitayarishia maneno ya heshima, maana alinizidi umri sana. Yakanitoka mengine.

"Fundi, mimi ulininyima begi siku tisa. Yeye umemfungia lake mwenyewe."

Cherehani ilisimama. Akaniomba, kwa sauti ya chini kabisa, nitoke dukani kwake. Nikatoka. Kwa zaidi ya miezi minne tulipishana uani bila salamu, na katika ploti, mahali ambapo watu wanatumia bomba moja na kamba moja ya nguo, kununiana namna hiyo kunachosha kuliko kazi ya mjengo.

Sikumbadilisha mimi. Aliyembadilisha ni Rehema. Habari zilipofika kwamba Zuhura amejifungua salama, msichana, na Fundi akasema tu alhamdulilahi na kuendelea na pindo, Rehema alimwendea akamwambia, "Usiniandike tena mpaka umwandike Zuhura." Fundi akamjibu kwamba yeye ataandika anachokiona. Basi asubuhi iliyofuata Rehema alitoka chumbani amejifunika sweta kichwani mpaka kiunoni, akapita dukani hivyohivyo akipapasa ukuta, akalivua barabarani. Kesho yake tena. Alikunywa chai ndani ya sweta. Alifanya hesabu za shule ndani ya sweta. Watoto wa ploti walimcheka na hakujali, alikuwa na roho ya babake. Ilichukua siku kumi na moja, na asubuhi zote hizo cherehani ilichelewa kuanza.

Siku ya kumi na mbili Fundi alibisha kwetu. Hakuomba msamaha. Aliuliza kama Jumapili baada ya kanisa nina nafasi ya kumsindikiza Murera.

Tulikwenda mimi, yeye, Rehema na Wambui, aliyekuwa na miaka minne. Zuhura alitukuta getini na mtoto mkononi. Alikuwa amekonda usoni na alisimama wima kwa namna ambayo sikuwahi kumwona nayo. Fundi alikuwa na penseli nyuma ya sikio na karatasi imekunjwa mfukoni mwa shati, kama siku zote. Zuhura aliviona.

"Ingia, Baba," alisema. "Lakini hivyo viwili, hapana."

Nilidhani Fundi atageuka turudi Landless. Akaitoa penseli, akatoa karatasi, akaviweka juu ya nguzo ya geti, akaingia mikono mitupu.

Alirudi kila Jumapili kwa zaidi ya mwaka mmoja. Sikumsindikiza zote, ila nyingi. Hakukaa kama mgeni. Alikata majani ya ng'ombe wa dadake, akafua nepi, akajifunza kumbeba mjukuu bila kumshika kama kitambaa cha mteja. Zuhura hakumfanyia urahisi wowote. Alimwambia mambo ya shule ile, ya jina lile alilobandikwa, ya miezi aliyoogopa kumweleza kwa sababu alihofia itaandikwa ukutani. Fundi alisikiliza akiwa ameinamia beseni. Nilipenda kumwona hivyo kuliko nilivyopenda mashairi yake. Wakati wa kurudi midomo yake ilitembea na vidole vikahesabu mizani mapajani, halafu akafunga ngumi, akaumeza mstari. Siku moja njiani aliniambia kwamba kutazama bila kuchukua ni kazi ngumu kuliko zote alizowahi kufanya, na kwamba angeifanya mpaka aijue.

Jumapili moja ya mvua, mjukuu akiwa ameanza kusimama kwa kushika kiti, Zuhura alimuuliza mwenyewe kama kuna kitu amekiona. Fundi akauliza kama aseme. Akaambiwa sema, lakini kwangu tu. Wakaingia jikoni. Mimi nilibaki nje nikimzuia Wambui asiingie zizini, kwa hivyo alichosema sikukisikia, na sijauliza. Nilimwona tu akitoka. Ilikuwa mara yake ya kwanza kulitamka shairi kwa mdomo wake, mbele ya mtu aliyehusika, na alitembea kama mtu aliyetoka kwa daktari na habari njema.

Ukuta wa Landless aliusafisha wiki hiyo. Kila binti alipewa karatasi zake afanye atakavyo.

Miaka ikapita kama ipitavyo. Mke wangu alipandishwa cheo pale Ruiru, nami nikapata kazi ya stoo hukohuko, tukahama Thika. Zuhura alirudi shule, akamaliza, akasomea ualimu wa chekechea, akapata kazi Theta, ambako sasa amepanga nyumba ya vyumba viwili yenye kijishamba nyuma. Rehema yuko shule ya bweni. Na Fundi akaanza kukosea. Kwanza ilikuwa mishono ya pembeni, kisha vifungo, kisha akakata mkono wa shati mahali pa kola. Ilikuwa presha ya macho, na ilikuwa imechelewa kujulikana. Duka likafungwa, Zuhura akaja na kijana wa pikapiki, akamchukua babake na cherehani yake wakaenda Theta.

Nilisikia hayo kwa simu, na kwa muda nilikwepa kwenda. Sikutaka kumwona mtu yule, aliyeishi kwa kutazama, akiwa hawezi kutazama. Mwishowe Wambui ndiye aliyenilazimisha. Sasa yuko Gredi ya Sita, na alisema kama siendi ataenda mwenyewe. Agosti hii, shule zilipofungwa, tulikwenda Jumamosi moja asubuhi.

Tuliwakuta nyuma ya nyumba, kwenye jua. Fundi alikuwa kwenye kiti cha plastiki, kofia kichwani, uso umeelekea sauti ya geti. Alinitambua kwa kikohozi. Wambui alipomsalimia, alimwomba mkono wake, akaushika wote, kiganja na vidole, akampima urefu kwa kumgusa bega, akasema anahitaji shati la namba kubwa zaidi. Zuhura alikuwa amekaa kwenye kigoda pembeni yake, daftari gotini. Mjukuu alikuwa akimwagilia sukuma wiki na kujimwagilia mwenyewe zaidi.

Niliuliza wanafanya nini. Zuhura akanieleza kwa sauti ya kawaida, kama anayeeleza kazi ya ofisini. Alisema kuna miezi mitano ambayo babake hakuiona, tangu alipompeleka Murera mpaka alipojifungua, na wiki chache baada ya hapo. Sasa kila asubuhi isiyo ya kazi anamsimulia jambo moja dogo la siku hizo, analolikumbuka vizuri, na babake anatengeneza mistari minne, naye anaiandika. Mambo ya kilio wameshayamaliza zamani. Anachagua tu yale mema, na yalikuwepo, alisema, mengi kuliko alivyodhani.

"Wazo lilikuwa la nani?" nikauliza.

"Langu," Zuhura akasema. "Yeye alisema haiwezekani, shairi sharti liwe la leo. Nikamwambia hajawahi kulisikia, kwa hivyo kwake ni la leo."

Fundi alitabasamu kidogo. "Tulikuwa kwenye ndoo," alisema.

Zuhura akasimulia tena ili na sisi tusikie. Ilikuwa jioni, ametoka kisimani kwa jirani na ndoo kichwani, peke yake njiani, mimba ya miezi mitano. Mtoto akapiga teke, la kwanza. Alishtuka hata akaitua ndoo katikati ya njia, akashika tumbo, akaanza kucheka. Hakukuwa na mtu wa kumwambia. Alicheka tu, mpaka machozi.

Vidole vya Fundi vilianza kwenda gotini. Wambui alikuwa amechuchumaa mbele yake akimwangalia midomo. Kisha mzee akasema polepole, na kalamu ya Zuhura ikamfuata:

Mtoto kapiga teke,
ndoo kaitua pake,
akacheka peke yake;
nami sikuwako pale.

Zuhura aliandika mitatu ya kwanza, akasimamisha kalamu.

"Huo wa mwisho utoe, Baba."

"Lakini ni kweli."

"Ni kweli. Tumeshausema, na nimeshakusamehe. Lakini siku hiyo nilikuwa nimefurahi, na wewe umeingia katikati. Niachie siku yangu."

Mzee yule aliinua uso, jua likimpiga kwenye kope. Niliona anavyotafuta, jinsi alivyotafuta maisha yake yote, bila huruma kwa nafsi yake. Akamuuliza Zuhura ndoo ilikuwa ya rangi gani. Ya bluu, akasema. Ilimwagika? Haikumwagika. Ilisimama imara? Ilisimama imara, pale njiani, mpaka alipomaliza kucheka.

"Basi andika," Fundi akasema. "Na ndoo ikamngoja."

Zuhura akahesabu mizani kwa vidole, akaandika.